Prosesa ya gitaa na sauti ya pili: Inayoyaweza na isiyoyaweza

KWA miongo mingi bendi za muziki wa dansi nchini Tanzania zimekuwa zikipanda jukwaani na magitaa matatu au manne: solo, solo la pili, rithimu na besi. Jirani zao wa Kongo wana jingine waliloliita mi-solo, ambalo hukaa katikati ya solo na rithimu na kuziba pengo lililopo baina yao.

Mpangilio huo si mapambo. Ndio unaozaa ule utamu wa nyuzi zinazokimbizana ambao wapenzi wa muziki huo huutambua hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Lakini si kila bendi ina uwezo wa kuwalipa wapiga gitaa wanne. Ipo inayopiga katika hoteli ikiwa na watu wanne tu pamoja na mwimbaji, na ipo inayokodiwa kwenye harusi kwa malipo ambayo yakigawanywa kwa wengi hayabaki kitu. Katika mazingira hayo mpiga solo hujikuta peke yake, na wimbo uliotungwa kwa magitaa mawili husikika kama nyumba iliyong'olewa mlango.

Hapo ndipo wengi huigeukia prosesa ya gitaa, yaani kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachokusanya katika boksi moja efekti ambazo hapo zamani kila moja ilihitaji kisanduku chake: mwangwi, korasi, mkwaruzo, wa-wa na nyinginezo.

Kati ya efekti hizo, mbili ndizo zinazotumainiwa zaidi na mpiga gitaa aliye peke yake. Ya kwanza ni harmoni, inayoongeza sauti ya pili juu au chini ya noti anayoipiga. Ya pili ni uigaji wa amplifaya, unaoiwezesha mashine ndogo kutoa sauti ya amplifaya kubwa ambayo haipo jukwaani.

Zote mbili hufanya kazi yake vizuri pale mtumiaji anapoelewa mashine inafikiri nini. Asipoelewa, harmoni hugeuka kelele na amplifaya ya kuigiza hulia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Ilikotoka harmoni ya mashine

Magitaa mawili kupiga sauti mbili zinazokwenda sambamba ni jambo la zamani. Nchini Marekani, Duane Allman na Dickey Betts wa kundi la Allman Brothers walijijengea jina kwa namna hiyo, na solo la Don Felder na Joe Walsh linalofunga wimbo wa "Hotel California" wa kundi la Eagles, uliotoka katika albamu ya mwaka 1976, bado hutumiwa kama somo na wanafunzi wa gitaa duniani kote. Nchini Uingereza, Brian May wa Queen alikuwa akirekodi gitaa lake mara nyingi, sauti juu ya sauti, hadi likawa kama kwaya.

Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa TPOK Jazz aliyefariki mwaka 1989, hakuhitaji mtu wa pili wala mashine kwa kazi hiyo. Alizidonoa nyuzi mbili kwa pamoja, noti zikiwa zimeachana kwa hatua sita za skeli, na gitaa moja likasikika kama mawili.

Mashine ya kubadili kimo cha sauti papo kwa papo ilipata umaarufu katika studio baada ya kampuni ya Eventide ya Marekani kutoa kifaa chake kiitwacho H910 Harmonizer katikati ya miaka ya 1970. Mtayarishaji Tony Visconti alikitumia kwenye ngoma za albamu ya "Low" ya David Bowie, iliyotoka mwaka 1977.

Kifaa hicho, hata hivyo, kilipandisha au kushusha kila noti kwa kiasi kilekile. Hakikujua wimbo uko kwenye kii gani. Mashine zilizoweza kufuata skeli zilikuja katika miaka ya 1980, na ile ya H3000 kutoka kampuni hiyohiyo ndiyo inayosikika katika "Ballerina 12/24" ya Steve Vai, katika albamu yake ya mwaka 1990.

Mwaka 1989 DigiTech ilitoa kanyagio la Whammy lililoshusha teknolojia hiyo hadi sakafuni mwa jukwaa. Kampuni ya Boss ya Japani, iliyokuwa imeanza na prosesa ya ME-5 mwaka 1988, iliendelea hadi GT-10 ya mwaka 2008 na GT-1000 ya mwaka 2018. Leo hata prosesa za bei ya chini huwa na harmoni ya aina fulani.

Mashine inahesabu, haisikii wimbo

Aliyewahi kuimba kwaya kwa noti za do, re, mi ataielewa harmoni kwa urahisi kuliko aliyejifunzia gitaa mtaani, ingawa wote wawili wanaijua kwa masikio.

Sauti ya pili iliyozoeleka zaidi ni ile iliyo hatua tatu juu ya ya kwanza: wa kwanza akiimba do, wa pili huimba mi. Akienda re, mwenzake huenda fa. Akienda mi, mwenzake huenda so.

Kwa sikio, umbali huo ni mmoja. Kwa hesabu, sivyo. Kutoka do hadi mi ni nusu toni 4. Kutoka re hadi fa ni nusu toni 3. Mi hadi so ni 3, fa hadi la ni 4, so hadi ti ni 4, la hadi do ya juu ni 3, na ti hadi re ni 3.

Hivyo basi, mtu akiiambia mashine ipandishe kila noti kwa nusu toni 4, do itapata mi kama inavyotakiwa, lakini re itapata fa iliyopandishwa nusu toni, ambayo haimo kabisa katika wimbo. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi: huchagua efekti ya kubadili kimo wakidhani wamechagua harmoni.

Harmoni yenye akili, kama wanavyoiita watengenezaji, hutaka iambiwe kwanza kii ya wimbo. Katika prosesa za Boss, kwa mfano, kii huandikwa pamoja na ndogo yake, yaani C pamoja na A ndogo, kwa kuwa noti za skeli hizo mbili ni zilezile. Mpigaji akishaweka G, mashine huipima noti inayoingia, huangalia ni ya ngapi katika skeli ya G, kisha huchagua nusu toni 3 au 4.

Zipo hali mbili zinazowachanganya wengi. Bendi inayotyuni magitaa chini kwa nusu toni ili mwimbaji asiumie koo hupiga kwa umbo la G huku sauti inayotoka ikiwa ni F iliyopandishwa. Mashine haioni vidole. Inasikia sauti, na ndiyo inayopaswa kuwekwa kama kii.

Kadhalika kwa mpiga rumba anayefunga kapo. Kapo ikiwa kwenye freti ya tatu, mtu akapiga kwa umbo la C, kii ya kuandika kwenye prosesa ni E iliyoshushwa nusu toni.

Baada ya kuweka kii, mpigaji huchagua umbali. Hatua tatu juu ndiyo chaguo la kawaida. Hatua sita chini hutoa noti zilezile kwa kimo cha chini, na kwa muziki wa rumba mara nyingi ndiyo inayopendeza zaidi kwa sababu solo hubaki juu likisikika wazi, na sauti ya pili hulibeba kutoka chini.

Pale sebene linapoikimbia mashine

Hadi hapo mashine haina tatizo. Tatizo huanza kodi zinapobadilika, na muziki wa dansi ni muziki wa kodi zinazozunguka bila kupumzika.

Chukua sebene la kawaida katika kii ya G, lenye kodi za G, C na D. Bendi ikiwa kwenye kodi ya G, mpiga solo akatua kwenye noti ya G, mashine humpa B. Safi. Akitua B, humpa D. Safi pia. Akitua D na kuishikilia, mashine humpa F iliyopandishwa, kwa kuwa hiyo ndiyo hatua ya tatu juu ya D katika skeli ya G.

Kwa lugha ya kwaya, ni so kupewa ti wakati bendi nzima imekaa kwenye kodi ya do. Noti hiyo iko nusu toni moja tu chini ya do inayopigwa na besi. Ikipita kwa haraka hakuna atakayeitambua. Ikishikiliwa kwa mapigo mawili, hata mhudumu wa baa atageuka kuangalia jukwaani.

Mpiga solo la pili aliye hai hafanyi hivyo. Akisikia mwenzake ametua so kwenye kodi ya do, yeye huruka hadi do, hatua nne juu, bila kufikiri. Hakufundishwa darasani, sikio lake linajua kodi iko wapi.

Jambo hilohilo hutokea kwenye kodi ya C. Solo likitua G, mashine hutoa B, ambayo iko nusu toni chini ya C ya besi. Binadamu angetoa C.

Wapenzi wa jazz watasema noti hiyo ni tamu, na kwao ni kweli. Lakini sebene si jazz, na msikilizaji wa dansi anaisikia kama kosa.

Prosesa nyingi za daraja la kati na la juu zina njia ya kutengeneza skeli ya mtumiaji, ambapo kila noti hupangiwa mwenzake. Mtu anaweza kuiambia mashine kwamba D ikija, iipe G badala ya F iliyopandishwa. Kodi ya G itapona mara moja.

Ila kodi ya D itaugua. Bendi ikihamia D, solo likapiga D, mashine itatoa G iliyoamriwa, wakati noti inayotakiwa hapo ni ileile F iliyopandishwa iliyofukuzwa. Hakuna mpangilio mmoja unaofaa kodi zote tatu. Ili kufanikiwa, mpigaji atalazimika kuhifadhi mipangilio miwili na kubadili kwa mguu kila kodi inapobadilika, na katika sebene linalobadili kodi kila baada ya mapigo manne, huo ni mchezo wa miguu na si wa gitaa.

Yapo mambo mengine madogo. Mashine za aina hii hupima noti moja kwa wakati mmoja, hivyo mtu anayedonoa nyuzi mbili kwa pamoja kwa mtindo wa Franco huivuruga kabisa, na kinachotoka ni mlio wa kigugumizi. Uzi ulioachwa ukilia nyuma ya noti mpya huivuruga vilevile. Ni lazima nyuzi zisizopigwa zizimwe kwa kiganja.

Kuvuta uzi nako kuna masharti. Mtu akivuta kutoka fa hadi so, umbali wa sauti ya pili ni nusu toni 4 mwanzo na mwisho, hivyo sauti zote mbili hupanda kwa utulivu. Akivuta kutoka do hadi re, umbali hubadilika kutoka 4 hadi 3, na katikati ya safari sauti ya pili hukwama kidogo kama gari lililogonga tuta. Anayejua hilo huchagua mahali pa kuvuta uzi.

Kuna pia suala la muda. Ili mashine ijue noti ni ipi, inahitaji kusikia angalau mtetemo mmoja mzima. Uzi mnene wa E hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja huchukua milisekunde 12. Uzi mwembamba wa E, unaotetemeka mara 330 hivi, huchukua milisekunde 3. Ndiyo maana harmoni hufuata kwa wepesi juu na kuchelewa chini, na ndiyo maana haifai kwa mapigo ya besi.

Taarab ya asili ya Zanzibar ni suala jingine kabisa. Maqam kama rasti na bayati zina noti zinazoangukia katikati ya nusu toni mbili, na mashine iliyojengwa juu ya nusu toni 12 huzisukuma upande mmoja au mwingine. Isitoshe, udi, ganuni na fidla katika muziki huo hufuata uzi mmoja wa wimbo, kila chombo kikiurembesha kivyake. Sauti ya pili ya hatua tatu haina kiti.

Kwa hiyo mwenye bendi anayenunua prosesa kwa nia ya kumpunguza mpiga solo la pili atakuwa ameelewa nusu ya kazi ya mtu huyo. Kufuata solo kwa hatua tatu ni sehemu ndogo ya yale anayoyafanya. Sehemu kubwa ni kujibu: solo likinyamaza yeye huingia, likipanda yeye hushuka, likikazana yeye hurudia kipande kimoja kifupi mpaka wachezaji walowe jasho. Mashine haiwezi kujibu kwa sababu haitoi noti mpaka ipewe noti.

Inapofaa kweli ni kwenye vipande vilivyokwisha kupangwa: utangulizi wa wimbo, kiitikio cha gitaa kati ya beti, na miisho. Hapo mpigaji anajua kila noti atakayopiga na kodi iliyo chini yake, anaweza kujaribu mazoezini, na anaweza kukwepa noti moja inayokwaruza. Kabla ya sebene kuanza, mguu unazima harmoni.

Mahali pa harmoni katika mnyororo

Katika prosesa, sauti hupita kwenye efekti moja baada ya nyingine, na mpangilio huo unaweza kubadilishwa. Swali ni iwapo harmoni ikae kabla ya amplifaya ya kuigiza au baada yake.

Kwa sauti safi, tofauti ni ndogo. Kwa sauti ya mkwaruzo, ni kubwa mno. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye mkwaruzo huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. A ya Hezi 440 ikikutana na C iliyopandishwa ya Hezi 554, mkwaruzo huzaa, pamoja na mambo mengine, mngurumo wa Hezi 114, ambao hauko mbali na A ya chini lakini si A. Huo ndio uchafu unaosikika.

Harmoni ikiwekwa baada ya mkwaruzo, kila sauti huwa tayari na mkwaruzo wake, na matokeo hukaribia watu wawili wenye amplifaya mbili. Kinachopotea ni usahihi, kwa sababu sauti iliyokwaruzwa ni ngumu zaidi kupimwa kuliko iliyo safi. Mpigo wa piki ulio wazi husaidia.

Sauti ya pili isiwekwe sawa na ya kwanza. Katika kipimo cha hadi 100, kuanzia 60 hadi 70 hutosha, na kuichelewesha kwa milisekunde 10 au 20 huiondolea ule ukakamavu wa kimashine, kwa kuwa hakuna wapigaji wawili wanaogonga uzi kwa wakati uleule kabisa.

Amplifaya isiyokuwepo

Amplifaya za gitaa za zamani hutumia valvu, zile taa za kioo ambazo mafundi wa redio wa enzi hizo walizijua vizuri. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti kwa ghafla. Huikunja taratibu, na mkunjo huo ndio wapiga gitaa waliokuja kuupenda. Baada ya hapo hufuata spika, mara nyingi za inchi 12, ambazo haziwezi kutoa vizuri sauti kali za zaidi ya Hezi 5,000 hivi. Kasoro hiyo ya spika ni sehemu ya sauti tunayoiita ya gitaa la umeme.

Uigaji wa amplifaya ni kuyahesabu hayo yote kwa kompyuta ndogo iliyo ndani ya prosesa: valvu za mwanzo, vitufe vya besi na trebo, valvu za nguvu, spika, boksi lake, na hata maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kila sekunde.

SansAmp ya kampuni ya Tech 21, iliyotoka mwaka 1989, ilifanya kazi hiyo bila kompyuta. Roland ilitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 ikafuata na amplifaya ya AxSys 212 mwaka 1996, kisha mwaka 1998 ikaja POD, boksi jekundu lenye umbo la figo lililosambaa katika studio za nyumbani. Mashine za miaka ya karibuni zinatumia mitandao ya neva inayofunzwa kwa kusikiliza amplifaya halisi.

Faida kwa bendi ya kusafiri haihitaji maelezo marefu. Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu yenye spika mbili za inchi 12, ina uzito unaokaribia kilo 30, na valvu hazipatikani kila mji. Prosesa huingia kwenye begi la mgongoni.

Kuhusu ipi ichaguliwe kati ya makumi yaliyomo, wanaoanza hukimbilia zile za mkwaruzo mkali, za jamii ya Marshall, kwa kuwa ndizo zinazotamba zikijaribiwa dukani. Kwa rumba na dansi, zinazofaa ni zile safi na angavu. Mfano wa Roland JC-120, amplifaya ya transista iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na korasi ndani yake, au mfano wa Twin Reverb, hutosha kwa kazi nyingi. Vox AC30 ni safi ikipigwa taratibu na hukwaruza kidogo ikipigwa kwa nguvu, jambo linalompa mpigaji rangi mbili kwa mkono mmoja.

Harmoni nayo hupenda amplifaya safi. Sauti mbili zikiwa safi husikika kama mbili.

Boksi ndani ya boksi

Malalamiko mengi juu ya prosesa, kwamba sauti ni nzuri nyumbani na mbaya jukwaani, hutokana na mpangilio mmoja ambao wengi hawaufungui kabisa: ule unaoiambia mashine imeunganishwa na nini.

Ikiwa waya unakwenda moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi au kwenye headfoni, uigaji wa spika lazima uwashwe. Spika za ukumbi hutoa sauti zote hadi zile kali kabisa, na bila uigaji huo mkwaruzo wote wa juu hutoka bila kuchujwa. Huyo ndiye nyuki wa chupani.

Ikiwa waya unakwenda kwenye amplifaya ya gitaa, uigaji wa spika uzimwe, kwa sababu amplifaya hiyo ina spika yake. Ukiachwa, sauti hupita kwenye boksi la kuigiza na kisha boksi la kweli, ikatoka imefifia kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi.

Amplifaya ikiwa na tundu la nyuma linaloingia moja kwa moja kwenye sehemu ya nguvu, ni bora kulitumia hilo, ili vitufe vyake vya mbele visiipake sauti rangi mara ya pili. GT-10, kwa mfano, ina machaguo tofauti ya tundu la mbele na tundu la nyuma, na kwa amplifaya ndogo na kubwa.

Mpangilio huo haufuati wimbo. Unahusu mashine nzima. Bendi inayopiga Ijumaa kwa amplifaya ya ukumbi na Jumamosi kwa mikisa italazimika kuubadilisha kila siku, na fundi mitambo ni vema aulizwe mapema.

Prosesa nyingi zina matundu mawili ya kutokea, kushoto na kulia, na zinaweza kupeleka solo upande mmoja na sauti ya pili upande mwingine. Katika headfoni inavutia sana. Kumbi nyingi, hata hivyo, hufungwa spika kwa njia moja tu, na fundi akichomeka waya wa kushoto peke yake, sauti ya pili yote huweza kubaki ndani ya mashine bila mtu kujua. Mpangilio wa sauti zote kwa pamoja ndio salama.

Wapo wanaohofia kwamba mashine hizi huchelewesha sauti. Huchelewesha, lakini kwa milisekunde chache. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hivyo mpigaji aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake huisikia ikiwa imechelewa kwa karibu milisekunde 9, na hajawahi kulalamika.

Umeme ndio wenye kuleta hasara zaidi. Prosesa hutumia adapta, na voltio zikipungua inaweza kuzima na kuwaka upya katikati ya wimbo, hivyo stabilaiza si anasa. Mipangilio iliyohifadhiwa haipotei umeme ukikatika. Inayopotea ni ile iliyorekebishwa kwa mkono jioni hiyo, kii mpya ya mwimbaji mgeni ikiwamo, kama kitufe cha kuhifadhi hakikubonyezwa.